SOMO LA REDIO: NJIA ZA ANGANI NA NENO LINALORUDIWA

Somo letu la leo lahusu rubani wa ndege na mwongoza ndege aliye chini. Tutaona jinsi wanavyopatana juu ya njia, na jinsi wanavyoweza kupotezana.

Ninyi mlioko Tabora mwajua habari za njia. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, na hapa njia iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mbele ya wapagazi alitembea kirangozi na bendera yake. Penye njia panda aliweka tawi la mti kuifunga njia isiyofuatwa, ili walio nyuma wasipotee.

Angani hakuna tawi. Rubani atokaye Tabora kwenda Kigoma ana ramani na vyombo vyake, lakini ruhusa ya kupita njia fulani, kwa kimo fulani, huipata kwa redio. Kwa hiyo iko kanuni ya hatua tatu. Kwanza, mwongoza ndege husema. Pili, rubani huyarudia maneno yale. Tatu, mwongoza ndege husikiliza kama yamerudi vile vile yalivyokwenda. Hatua hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa upesi.

Tazameni mfano wa jirani zetu. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka mawinguni kuelekea Nairobi. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500 juu ya usawa wa bahari. Marubani walisikia 5,000, na kosa hilo halikusahihishwa. Sasa pigeni hesabu: kiwanja chenyewe kiko futi 5,327! Walipotoka mawinguni waliiona nchi iko karibu mno, wakaiinua ndege ikiwa imebakiza kama futi 70 tu. Wote walisalimika.

Pale hesabu ilisikiwa vibaya. Lakini maneno yaweza kusikika vizuri na watu wasielewane. Mfano wake watoka mbali, nchi ya Colombia, Amerika ya Kusini. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1995 ndege ya American Airlines ilikuwa ikienda mji wa Cali, katikati ya milima. Mwongoza ndege aliiruhusu kwenda Cali, akataka aarifiwe itakapopita kituo cha Tuluá. Rubani alirudia, lakini akaongeza kwamba atakwenda moja kwa moja. Mwongoza ndege akajibu ndiyo. Kwake yeye njia ilikuwa ile ile ya kupitia Tuluá. Marubani walidhani wameruhusiwa kukata njia, basi vituo vya katikati vikafutwa katika kompyuta yao. Baadaye waliitafuta Tuluá, kumbe wamekwisha ipita. Wakachagua kituo kingine kwa herufi R. Kompyuta ikashika kituo chenye herufi hiyo karibu na Bogotá, na ndege ikageuka upande huo. Walipojaribu kurudi njiani waligonga mlima. Walikufa watu 159, wanne walipona.

Angalieni vema: maneno yalirudiwa, na jibu lilitolewa. Kilichokosekana ni sikio la kulikamata neno lililozidi. Mwenye kutoa agizo asijibu "ndiyo" kabla hajalinganisha neno kwa neno. Naye mwenye kupokea akiona shaka aulize, maana kuuliza si ujinga.

Jambo hili si la marubani peke yao. Mganga aagizapo kipimo cha dawa kwa simu, au karani apokeapo hesabu ya magunia, kanuni ni hiyo hiyo.

ZOEZI LA KIKUNDI. Mmoja amnong'oneze mwenzake agizo lenye mahali, saa na hesabu. Mwenzake alirudie kwa sauti. Wa kwanza aseme ni neno gani limezidi, limepungua au limebadilika. Kisha jadilianeni: je, kosa hilo lingemdhuru nani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.