Mtoto wako hukimbia dakika ngapi shuleni?

Hotuba kwa wazazi na walimu wa chekechea, Mwihoko, Ruiru



Tukiulizwa mtoto alipata alama ngapi, tunajibu upesi. Tukiulizwa alikimbia dakika ngapi, tunanyamaza. Leo naomba tuanze kuhesabu hilo pia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za michezo au kazi inayomfanya aheme. Wa miaka 3 na 4 anahitaji dakika 180 za kusogea, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za nguvu.

Je, watoto wetu wanafika? Majirani zetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima wanafunzi wa miaka 9 hadi 11 jijini Nairobi, katika utafiti uliofanywa nchi 12. Kila mtoto alivaa kiunoni kifaa kidogo kinachorekodi mwendo, kwa siku saba. Takriban mmoja tu kati ya wanane alitimiza dakika 60.

Hapa Mwihoko mashamba yamekuwa ploti, na ploti zinakuwa ghorofa. Kwa watoto wengi, uwanja wa shule ndio uwanja pekee. Mapumziko yakiliwa na kazi ya darasani, jioni hakuna pa kuyafidia.

Kifaa kile ni ghali, lakini saa na daftari tunavyo. Wakati wa mapumziko, mwalimu achague mtoto mmoja. Kila dakika amtazame na kuandika: ameketi, anatembea, au anakimbia. Mapumziko ya dakika 30 yakitoa alama 6 za kukimbia, hizo ni kama dakika 6. Kesho achague mwingine, wavulana kwa wasichana, kwa wiki mbili. Asiwatangazie, maana mtoto akijua anatazamwa hubadilika.

Huu si mtihani wa mtoto. Tunachopima ni nafasi na muda tuliompa sisi watu wazima.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Basi leteni hesabu hizo kwenye vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Anayesema "watoto hawana pa kuchezea" husikizwa. Anayesema "tulitazama watoto 10, na hizi ndizo dakika zao" ni vigumu kumpuuza.