Adabu ya Watazamaji wa Mchezo



Leo twataka kunena juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni adabu ya watu wanaotazama mchezo wa kuigiza. Vijana hujifunza maneno yao majuma mengi. Siku ikifika, watu wachache walioketi nyuma hupiga makelele, hucheka pasipo pa kuchekwa, na humzomea mtoto aliyesahau neno moja. Mchezo huharibika, nao wakiulizwa hujibu, "Tulikuwa twafanya mzaha tu." Basi sikilizeni jinsi mzomeo ulivyopata kuzaa mauti.

Zamani walikuwapo wachezaji wawili wenye sifa kuu, William Macready, Mwingereza, na Edwin Forrest, Mmarekani. Mwaka 1845 Forrest alicheza London, akazomewa, naye akaamini moyoni kuwa Macready ndiye mwenye shauri hilo. Mwaka 1846 Macready alipokuwa akicheza Hamlet mjini Edinburgh, Forrest alikuwamo miongoni mwa watazamaji, akamzomea waziwazi. Ulikuwa mzomeo wa mtu mmoja. Lakini magazeti yaliueneza, na watu wa nchi mbili wakauingia ugomvi wa watu wawili.

Tarehe 7 Mei 1849 Macready alisimama jukwaani New York, katika nyumba ya michezo iitwayo Astor Place Opera House, apate kucheza Macbeth. Wafuasi wa Forrest walikuwa wamejaa humo, wala hawakuja kutazama. Wakatupa mayai, viazi, na hata viti. Wakapiga kelele mpaka wachezaji wakawa wanatikisa midomo tu pasipo kusikiwa. Macready akataka kurudi kwao. Watu wenye heshima, miongoni mwao waandishi Washington Irving na Herman Melville, wakamwandikia barua kumsihi asiondoke.

Tarehe 10 Mei akacheza tena. Safari hii maelfu ya watu walikusanyika nje, wakaipiga nyumba kwa mawe. Askari wakaitwa, nao wakapigwa mawe, na mwisho wakafyatua bunduki. Wakafa watu wasiopungua 22, na wengine wengi wakajeruhiwa. Baadhi yao walikuwa watazamaji wa njiani tu, wasio na neno na mtu yeyote. Macready aliumaliza mchezo wake, akatoka kwa siri hali amejigeuza mavazi, wala hakucheza tena Marekani.

Hatusemi kwamba kila azomeaye ataleta mauti. Lakini wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa jambo lile ulianza kwa watu walioona kuwa kuketi mbele ya mchezaji kwawapa ruhusa ya kumvunjia heshima.

Wala hatusemi watazamaji wakae kama magogo. Sisi tuna desturi zetu. Msimulizi akisema, "Paukwa," tusipoitikia, "Pakawa," tumemtukana. Ngoma isiyopigiwa makofi na vigelegele hupoa. Basi kipimo si kelele wala kimya, bali ni hiki: je, sauti yangu yamsaidia mchezaji, au yamzuia? Je, jirani yangu apata kusikia? Aliyetoa kiingilio amenunua nafasi yake mwenyewe. Hakununua masikio ya wenziwe.

Labda mtu atauliza, "Mchezo ukiwa mbaya, tunyamaze?" La. Asiyependezwa na asipige makofi. Aweza kutoka polepole sehemu moja ikiisha. Kesho yake na amwendee mwalimu au mkuu wa wachezaji, amweleze kwa upole kilichomchukiza. Maneno hayo yatamfaa mchezaji, lakini mzomeo haumfundishi kitu.

Twawaomba walimu wawaeleze watu desturi ya mchezo kabla haujaanza: lini waitikie, na lini wasikilize. Mama mwenye mtoto anayelia apewe nafasi karibu na mlango, apate kutoka bila kuona haya. Simu zizimwe sauti, na mwanga wake usiwake gizani machoni pa walio nyuma. Aliyechelewa angoje mlangoni mpaka sehemu iishe.

Nanyi wakubwa, twasema kwa heshima, amri hii ya mwisho yawahusu kwanza. Mkubwa akiingia kati ya mchezo, watu wote wakasimama, na wachezaji wakanyamaza mpaka aketi, basi yeye naye ameuvunja mchezo sawasawa na mlevi wa nyuma, ingawa hakuna athubutuye kumwambia. Mkubwa akingoja mlangoni kama watu wengine, vijana watakaomwona watajifunza adabu kuliko kwa hotuba kumi kama hii yetu.