Vita ni Vurugu: Funzo la Neno Moja la Kiingereza



Nimetakiwa niseme machache juu ya lugha. Nimechagua neno moja tu la Kiingereza, "war", yaani vita. Kila mwanafunzi wa sekondari analijua. Ni wachache walioambiwa lilikotoka.

Waingereza wa kale walikuwa na maneno yao wenyewe ya vita, mojawapo likiwa "wig". Hili la sasa lilitokana na Kifaransa cha kaskazini, lugha ya Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066. Nacho Kifaransa kililipata kwa Wafaranki, watu wa jamii ya Wajerumani, waliosema "werra". Asili yake si ushujaa wala ushindi. Ni mkorogano, mambo kuvurugika. Mpaka leo Mjerumani anayetaka kusema kuvuruga mawazo ya mtu hutumia "verwirren", neno la shina hilo hilo. Mfaransa husema "guerre", Mhispania na Mwitalia "guerra". Wote, wajue wasijue, wanataja vurugu.

Ndugu zangu, vitabu vingi vya historia huvipanga vita vikapendeza: tarehe, majemadari, mishale juu ya ramani. Lakini tukumbuke vita vya 1914 hadi 1918 vilivyopiganwa katika ardhi yetu. Jina la Kariakoo, hapa Dar es Salaam, limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Watu walitolewa mashambani kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Wengi wa waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na maradhi, njaa na uchovu. Nyuma yao mashamba yalikosa wakulima. Hiyo ndiyo "werra" yenyewe.

Kwa hiyo, mwalimu anapofundisha vita asiishie kwa jemadari. Amwulize mtoto: ni nani aliyebeba mzigo, na ni nani aliyebaki na jembe?

Nasi wa maofisini, ambao hatuandiki taarifa bila ya kutangaza vita dhidi ya hili au lile, tulitumie neno hilo kwa uangalifu. Usafi, kisomo na kilimo bora vyataka utaratibu, subira na maelewano na wananchi. Tukiviendea kwa amri za kivita, tutaacha vurugu nyuma yetu. Tuviite kwa jina lake: kazi.