Jongoo Bahari Si Jongoo

Leo nazungumzia jina moja refu: wanyama wasio na uti wa mgongo.

Zaidi ya asilimia 95 ya aina za wanyama zinazojulikana duniani zimo katika kundi hili, nalo limepewa jina kwa kitu lisichokuwa nacho. Ni kama mtu wa Unguja awagawe binadamu mafungu mawili: Waunguja na wasio Waunguja.

Mwaka 1758 mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus, aliwagawa wanyama mafungu sita. Manne yalikuwa ya wenye uti wa mgongo. Waliosalia aliwatia katika mawili tu, wadudu na minyoo. Kaa na buibui wakawa wadudu. Konokono na pweza wakahesabiwa minyoo. Mwaka 1793, mjini Paris, Jean-Baptiste Lamarck, aliyekuwa bingwa wa mimea, alikabidhiwa kufundisha mafungu hayo mawili. Ndiye aliyewapa wanyama hao jina la wasio na uti wa mgongo, na katika kitabu chake cha mwaka 1801 aliwatenga kaa na buibui na wadudu.

Tusimcheke Linnaeus. Neno letu "mdudu" nalo ni pana mno. Kwa wanasayansi, mdudu ana miguu sita, kama mbu, nzi na siafu. Buibui na kupe aliyekomaa wana minane. Ama vimelea vya malaria, ambavyo tumezoea kuviita vijidudu, ni viumbe vya seli moja, wala si wanyama. Basi mzazi akiambiwa aue wadudu wa malaria, atapuliza dawa chumbani, au atampeleka mtoto akapimwe damu? Yote mawili yana faida, lakini mtoto mwenye homa hawezi kungoja tufasiri neno.

Wala si kwamba lugha yetu ni maskini. Watu wa pwani wana jongoo bahari, na wana kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota. Majina hayo yametokana na umbo. Sayansi hutazama nasaba, nayo inasema jongoo bahari ni jamaa wa kiti cha pweza, hana udugu na jongoo wa shambani. Tunahitaji majina ya aina zote mbili, ila tujue lipi latumika wapi.

Istilahi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Lakini istilahi isiyotamkwa hufia kabatini. Jukumu la kuitamka ni letu pia, sisi tunaotafsiri habari za afya kila siku. Tukikusudia kimelea, tuseme kimelea. Tukikusudia mdudu, tuseme mdudu.