WAKILI WA WAGENI: KAZI YAKE NA SHIDA ZAKE

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa ili wale waliokuwa zamu nao wapate kuyasoma.)



Mmetuomba tueleze kazi yetu, maana wengi wenu mna mtoto, ndugu au jirani aliyekwenda Marekani, naye akipiga simu hutaja makaratasi, korti na mawakili, nanyi hubaki na wasiwasi tu.

Sisi ni mawakili wa mambo ya uhamiaji katika ofisi ya jamii ya mji mmoja wa Marekani. Ofisi hiyo haitafuti faida. Mtu asiye na kitu hatoi kitu, na mwenye kidogo hutoa kidogo. Wanaokuja kwetu ni wapishi, wafagiaji, walezi wa wazee, madereva na wafanyi kazi wa viwanda vya nyama. Wengine ni Wakenya. Wengine ni wakimbizi wa Kongo wanaosema Kiswahili kama ninyi, ingawa chao kina ladha yake.

JE, SERIKALI HUMPA MGENI WAKILI?

Hapana, na hapa ndipo shida inapoanza. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu maskini anayeshtakiwa kosa kubwa la jinai lazima apewe wakili kwa gharama ya Serikali. Lakini kesi ya kumrudisha mtu kwao haihesabiwi kuwa ya jinai. Sheria yasema mgeni aweza kuwa na wakili, ila Serikali haitamlipia. Basi hutokea mama, au hata mtoto, akasimama peke yake, na upande wa pili akasimama wakili wa Serikali anayelipwa mshahara kila mwezi.

Tena jueni kwamba korti hizo si sehemu ya mahakama za kawaida. Ziko chini ya Wizara ya Sheria, na majaji wake ni waajiriwa wa wizara hiyo. Mwisho wa mwaka 2023 kesi zilizongoja katika korti hizo zilikuwa zaidi ya milioni 3. Mtu aweza kungoja miaka, naye hajui kama atakaa au atarudishwa. Je, mtu wa namna hiyo atathubutu kumwambia tajiri wake kwamba amepunjwa saa za ziada? Matajiri wabaya wajua jambo hilo, nao hulitumia.

KAZI YA KILA SIKU

Watu hudhani wakili hushinda kortini akisema kwa sauti kubwa. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuketi na mtu mezani, kumsikiliza na kuandika.

Tuseme mama ametoka Bukavu na anaomba hifadhi. Sheria haiulizi kama alikuwa na njaa, wala kama hakuwa na kazi. Yauliza kama aliteswa, au aogopa kuteswa, kwa sababu moja katika tano: rangi au kabila lake, dini yake, taifa lake, maoni yake ya siasa, au kundi la watu alimo. Mtu aweza kuwa na taabu inayoliza moyo, lakini kama haimo katika hizo tano, hifadhi haipati. Kumwambia mtu neno hilo uso kwa uso ni kazi ngumu kuliko kusimama mbele ya jaji.

Tena kuna muda. Tangu sheria ya mwaka 1996, mwenye kuomba hifadhi lazima apeleke ombi katika mwaka 1 tangu siku aliyoingia Marekani, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Wengi huja kwetu mwezi wa kumi na nne au wa ishirini. Walikuwa wapi? Walikuwa wakitafuta kazi na mahali pa kulala, na hakuna aliyewaambia. Ombi hilo halikuwa na ada hapo zamani. Sheria ya Julai 2025 iliweka ada ya dola 100. Kwa mtu aliyekatazwa kufanya kazi, dola 100 si kitu kidogo.

MANENO YAWEZA KUMPONZA MTU

Hapa Kiswahili chenyewe huingia. Karatasi yoyote ya Kiswahili lazima ipelekwe pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri. Mtu akisema, "Ndugu yangu aliuawa," mkalimani huandika kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Baadaye hati ya kifo yaonyesha kuwa ni mtoto wa baba mdogo. Wakili wa Serikali husema, "Huyu ni mwongo." Si mwongo, kwetu huyo ni ndugu.

Au mtu asema, "Walikuja saa mbili usiku." Mkalimani asiyejua hesabu yetu ya saa huandika saa nane za usiku wa manane. Mwezi mwingine mtu huyo huulizwa tena, akafasiriwa sawasawa, na sasa kuna habari mbili zinazopingana. Kwa sababu hiyo twasoma kila mstari mara mbili na mwenyewe, kwa lugha yake, kabla hajatia sahihi.

Nasi tunaosikiliza, twarudi nyumbani na habari za vita na za kushikwa kwa nguvu, siku baada ya siku. Mwili hauchoki, moyo huchoka. Wengi huiacha kazi hii baada ya miaka michache, na mtu aachwaye hulazimika kumwanzia wakili mpya habari ile ile chungu.

FEDHA NA CHAMA

Mshahara wetu hutoka kwa wafadhili, kwa makanisa, na kwa miji mingine yenye moyo. Kuna shirika la Legal Services Corporation, lililoundwa na Bunge la Marekani mwaka 1974 kusaidia maskini katika sheria. Lakini tangu 1996 ofisi zinazopokea fedha zake zimekatazwa kuwatetea wageni wengi wasio na kibali. Mji wa New York ulianza mwaka 2013 kuwalipia mawakili wageni waliofungwa wakingoja kesi, nao ulikuwa wa kwanza.

Ndugu, msidhani kuwa wakili hahitaji chama. Ukifanya kazi ya huruma, mwajiri huwa mwepesi kukuambia, "Fikiri juu ya maskini, usidai nyongeza." Mawakili wa msaada wa sheria wa New York waliunda Association of Legal Aid Attorneys mwaka 1969, na leo ni tawi la 2325 la chama cha United Auto Workers, yaani chama cha waunda magari! Julai 2025 wafanyi kazi wa ofisi kadhaa za msaada wa sheria mjini humo waligoma. Walidai mishahara, na walidai pia mzigo wa kesi upunguzwe, kwa maana wakili aliyelemewa hamtetei mtu vyema.

MASHAURI YETU KWENU

Waambieni watu wenu walioko huko maneno haya:

1. Kuandikiwa fomu na mtu asiye na idhini ni hatari. Mwenye muhuri wa kuthibitisha sahihi, aitwaye "notario" na watu wa Amerika ya Kusini, si wakili. Anayeruhusiwa ni wakili, au mtu wa shirika lililotambuliwa na Wizara ya Sheria ambaye mwenyewe amepewa idhini.

2. Usitie sahihi karatasi usiyosomewa kwa lugha yako.

3. Ukihama nyumba na una kesi, ijulishe korti katika siku 5 za kazi. Barua ya korti ikienda nyumba ya zamani nawe usifike, jaji aweza kuamuru urudishwe bila ya kukusikia.

4. Ukishtakiwa jinai yoyote, usikiri kabla ya kuuliza itakuwaje habari ya ukaaji wako. Tangu mwaka 2010 wakili wa jinai analazimika kukuonya juu ya hatari ya kurudishwa.

5. Tunza kila barua na kila bahasha yake.

Mwisho, Ndugu, mgeni asiye na karatasi akilipwa nusu, na mwenyeji wa kazi ile ile atashushwa. Ndiyo sababu twasema kazi yetu na kazi ya chama ni moja. Twawaombeni msiwacheke watoto wenu wakisema wamekwama huko. Waulizeni wamekwenda kwa wakili gani.

Umoja ni nguvu.