Gari Linang'aa, Ndani Limeoza
(Mazungumzo na wanakisomo)



Juzi mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba aliniuliza, "Mwalimu, lile gari tunalotaka kununua linang'aa kama jipya. Mbona fundi anatukataza?"

Swali hili ni zuri. Ili tulijibu, tutazame kwanza magari ya zamani yalivyotengenezwa.

Mwaka 1886 Karl Benz wa Ujerumani alisajili gari lake la injini. Miaka ile ya mwanzo, bodi nyingi za magari zilitengenezwa na mafundi wa magari ya farasi. Mafundi hao walifanya kazi waliyoizoea. Walijenga kiunzi cha mbao, kisha wakapigilia bati juu yake.

Je, ubaya ulikuwa wapi? Gari la farasi huenda polepole. Gari la injini huenda kasi, tena hutikisika sana. Viungo vya mbao vililegea. Milango ikaning'inia. Bodi ikalia kwii kwii njia nzima. Maji ya mvua nayo yakapenya kwenye viungo. Kwa nje bati lilikuwa zima, kumbe ndani mbao zinaoza na misumari inaliwa na kutu.

Mafundi walihangaika. Miaka ya 1920, huko Ufaransa, Charles Weymann alifunika kiunzi cha mbao kwa kitambaa kama ngozi. Mbao zake hazikugusana, ziliunganishwa kwa vipande vya chuma. Kelele zikapungua. Lakini kitambaa kilichakaa, na mbao zilikuwa zile zile.

Huko Marekani, Edward Budd aliacha mbao. Alichomelea bati za chuma zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1914 kampuni ya Dodge ilianza kutumia bodi zake.

Basi, shida ikaisha? Hata kidogo! Mbao huoza, chuma hupata kutu. Adui ni yule yule: maji yaliyojificha. Tope likiganda chini ya milango au ndani ya madigadi, hushika maji. Kutu huanzia ndani, polepole, inakuja nje. Ukiiona nje, ujue ndani imekwisha kula.

Sasa turudi kwenye gari letu. Tusitazame rangi. Tuiname, tuangalie chini. Tuchukue sumaku ndogo, tuifunge kitambaa, tuipitishe kwenye bodi. Sumaku hushika chuma, haishiki puti. Mahali inapoanguka, huenda bati limeoza, likazibwa kwa puti na kupakwa rangi.

Fundi alifanya hivyo mbele yangu. Sumaku ilianguka kwenye milango yote miwili.

Ndugu zangu, fedha ya kikundi bado iko mkononi mwetu. Ni jasho la misimu mitatu. Wazee walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tutafute gari jingine, na siku hiyo twende na sumaku.