Meno ya Watoto na Yale Yaitwayo ya Plastiki



Tumetakiwa kusema machache juu ya meno ya watoto. Huenda wengine wakaliona ni jambo la jikoni, lisilofaa mkutano wa makarani. Lakini liko neno moja katika habari hii ambalo mara nyingi huamuliwa na bibi na majirani, baba akiwa kazini, naye arudipo jioni hukuta limekwisha tendeka.

Tangu miaka ya 1980 imeenea katika Tanzania habari ya "meno ya plastiki," ambayo wengine huyaita ya nailoni; na katika Uganda huitwa ebinyo. Mtoto mchanga apatapo homa au kuhara, hufunuliwa kinywa, na kwa kuwa ufizi umevimba kidogo mahali pa chonge, husemwa kwamba ugonjwa umo humo. Basi huitwa fundi, naye huupasua ufizi kwa kisu, au msumari, au waya wa gurudumu la baiskeli, akatoa kitu cheupe, laini, akawaonyesha wazazi. Nao huamini, kwani wamekiona kwa macho.

Kitu kile ni jino lenyewe la mtoto, ambalo halijakomaa. Jino lililo bado ndani ya ufizi huwa laini, kama punje ya hindi changa; na uvimbe ule si ugonjwa, maana chonge za utoto hutoka mtoto akaribiapo mwaka mmoja na nusu. Kwa kazi ile ya fundi mtoto hutokwa na damu, tena aweza kupata pepopunda, au virusi vya UKIMWI kwa chombo kilichotumiwa kwa mwingine. Na wako waliokufa. Hata aliyepona hajaepukana nayo. Karibu na chonge ya utoto imelala mbegu ya chonge ya ukubwa, itakayotoka kati ya miaka 9 na 12. Ikijeruhiwa, jino hutoka na kilema, au halitoki kabisa, na meno mengine husogea yakapandana. Kuyanyosha kwa waya ni kazi ya miezi mingi, mabingwa wake ni wachache, nao wako katika miji mikubwa. Gharama yake mnaweza kuikisia wenyewe, ninyi mnaojua mshahara wa karani.

Watu hutuuliza, "Mbona mwanangu alipona alipong'olewa?" Alipona kwa sababu kuhara kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Kinachoua ni kukaukiwa na maji, na saa zilizopotea kwa fundi ndizo alizopasa kunyweshwa. Aendelee kunyonya, apelekwe zahanati apewe maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki. Zahanati ikiwa mbali, chukueni maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko. Homa nayo ipimwe, isije ikawa malaria.

Juu ya usafi hatutakawia. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele mpaka miaka 3, kisha kama punda ya njegere. Na mkubwa amsimamie mtoto mpaka afikie miaka 7 hivi. Wenzetu wa Arusha na Meru wasiwapige watoto kwa meno ya kahawia: rangi ile yatokana na floridi nyingi katika maji ya huko, wala mswaki hauiondoi.

Tena, gego la kwanza la ukubwa hutoka mtoto awapo na miaka 6, nyuma ya meno yote, pasipo jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utoto, wakaliacha lioze. Mkifika nyumbani, wafunueni vinywa walio na umri huo, mhesabu: jino la sita kutoka katikati ndilo lenyewe.

Mwenye swali na aulize.